Mfundishe Mdogo Wako Neno la Kutafutia



Likizo ikifika, tunarudi nyumbani na kuwakuta wadogo zetu na simu ya mzazi. Mtoto anaandika swali zima kama anavyolitamka, anafungua jibu la kwanza, anaamini. Bando linakwisha, elimu haijapatikana. Sisi tuliotangulia tuna wajibu wa kuwaelekeza. Tuchukue mfano mmoja kutoka mpakani, Busia na Tororo.

Huko mihogo ni chakula cha pande zote mbili. Katika miaka ya 1990 ugonjwa mkali wa mihogo ulienea Uganda, ukavuka hadi magharibi ya Kenya na kuharibu mashamba mengi. Sasa tuseme mtoto ameona mihogo ya bibi yake ina kasoro. Anaandika: "kwa nini mihogo yetu imeharibika". Tumsaidieje?

Kwanza, aandike anachokiona. "Kwa nini" na "yetu" hayasaidii, na "imeharibika" haisemi imeharibikaje. Mpeleke shambani, muulize: umeona nini? Atasema majani yamejikunja, yana mabaka ya manjano. Basi aandike "majani ya mihogo mabaka manjano kujikunja". Mweleze pia kwamba kitenzi chetu hubadilika sana: yamejikunja, yanajikunja, yalijikunja. Mashine inaweza kuyahesabu kuwa maneno matatu. Jina, au kitenzi chenye "ku-", ni salama zaidi.

Jambo hili si geni kwetu. Muhammad Fuad Abd al-Baqi alipanga faharasa ya maneno ya Qur'ani kwa mizizi. Anayetafuta "kitab" huenda kwenye kaf, ta, ba. Ukiujua mzizi, umeshika ufunguo.

Pili, aokote neno la wataalamu. Akisoma majibu atakutana na neno "batobato", jina la ugonjwa huo. Hapo asiridhike, atafute upya: "batobato mihogo kuzuia". Utafutaji wa kwanza humpa neno, wa pili humpa elimu. Atajifunza kwamba batobato huenezwa na inzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe anapopanda vipande vya shina kutoka kwenye mmea mgonjwa. Hili si dogo kwa familia yenye ndugu ng'ambo ya mpaka. Zawadi ya mbegu inaweza kubeba njaa.

Tatu, ataje mahali kwa ukamilifu. Busia ni miji miwili, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Akiandika "bei ya mihogo Busia", atajuaje ni shilingi ya nchi gani? Aandike "Busia Uganda" au "Busia Kenya". Zaidi ya hayo, Kofi Busia alikuwa waziri mkuu wa Ghana kuanzia 1969 hadi 1972. Akiletewa habari zake, aongeze alama ya kutoa iliyogusana na neno: -Ghana.

Nne, asitie jibu ndani ya swali. Anayeandika "dawa ya kunyunyizia inaponya batobato" ataletewa wanaosema inaponya, hasa wauzaji, ilhali mmea ulioambukizwa virusi hivyo hauponi kwa kunyunyiziwa. Aandike "batobato tiba", asome wanaokubali na wanaokataa. Katika dini ni vivyo hivyo. "Kwa nini jambo fulani ni haramu" ni hukumu iliyokwisha kutolewa. "Hukumu ya jambo fulani" ni swali. Na atakachokipata akipeleke kwa ustadhi wake kabla ya kukisambaza. Surat al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Mbele ya simu, uchunguzi huo unaanza na neno tunalochagua.

Zoezi: Kaa na mdogo wako robo saa. Achague kitu kimoja cha nyumbani kinachomtatiza. Kabla ya kushika simu, aandike kwenye karatasi maneno manne: kitu, dalili, mahali, na anachotaka kujua. Atafute mara mbili, mara ya pili kwa neno jipya alilolipata. Kisha akueleze nani kaandika jibu lile, na kwa nini anamwamini.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.