Kazi Naijua, Cheti Sina

Mpendwa Mshauri,

Kwa miaka tisa mimi ni kibarua katika karakana ya kuchomelea vyuma hapa Changamwe, nalipwa ujira wa kutwa. Milango na madirisha nayaunda peke yangu. Sasa tajiri ameajiri kijana aliyetoka chuoni, akamfanya msimamizi wangu, kisha akaniamrisha nimfundishe kazi. Shule niliiachia darasa la sita. Je, nimfiche ujuzi wangu, au niache kazi?

Fundi, Changamwe

Ndugu yangu Fundi,

Uchungu wako ni halali, wala sitakuambia uumeze. Kwani mtu aliyeutumia ujana wake mbele ya cheche za moto, kisha akaamrishwa kumwelekeza aliyewekwa juu yake, ana haki ya kunung'unika. Lakini kumficha kijana huyo ujuzi hakutakuongezea hata senti, na yeye hakukudhulumu: ametafuta riziki kama uitafutavyo wewe.

Ujuzi wako, ingawa karakana nzima inaushuhudia, mbele ya sheria haujaandikwa popote. Amri ya serikali kuhusu kima cha chini cha mishahara humweka fundi asiye na gredi chini ya wenzake, kisha hufuata gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, kila daraja na ujira wake. Madaraja hayo si milki ya wanachuo peke yao. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambayo ina kituo hapa Mombasa, huwatahini hata waliojifunzia kazini, na fundi hupimwa kwa kazi aifanyayo mbele ya mtahini. Darasa la sita lisikutie haya.

Utakachohitaji ni kusoma michoro ya kazi na kuandika vipimo sawasawa, na hayo ndiyo aliyokuja nayo kijana. Basi mwonyeshe namna bamba jembamba linavyopinda likizidishiwa moto, na jinsi ya kulishikiza kwa nukta kabla ya kuliunga. Naye, baada ya saa za kazi, akufunze michoro.

Kisha mwendee tajiri wako kwa taadhima, umwombe akugharimie mtihani. Waajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, na mwajiri aombaye idhini mapema aweza kurudishiwa gharama. Aghalabu hulipa wasijue kuwa fedha hizo zina njia ya kuwarudia.

Lakini linalonighadhibisha zaidi katika waraka wako ni huo ujira wa kutwa. Miaka tisa! Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kuwa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, naye akidumu miezi miwili au zaidi hustahiki haki za mwajiriwa wa kawaida, likizo ikiwamo. Hilo mwulize tajiri wako kwa upole. Akikataa, nenda katika Ofisi ya Kazi, na uchukue shahidi anayejua ulianza lini.

Kuacha kazi kusubiri. Ukishapata gredi, na tajiri akakataa kukupandisha, hapo tafuta pengine, na siku ya kuondoka umdai cheti cha utumishi kinachotaja kazi uliyofanya na muda wake, kwani sheria imemwajibisha kukupa.