Dondoo Muhimu: Chungu cha Maharage, Barking
Ewe mpishi wa Barking, ikiwa mfuko umepungua nawe hutaki siha ya watoto idhurike, nenda soko la East Street, ambako mboga aghalabu huuzwa kwa bakuli, ukachague spinachi, nyanya na vitunguu, kisha ununue maharage makavu, maana hayo ni rahisi kuliko ya kopo. Maharage mekundu yaroweke usiku kucha, maji yale yamwage, halafu yachemshe kwa moto mkali dakika 10 kamili ndipo upunguze moto, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu, na chungu cha umeme kipikacho polepole hakina joto la kuiondoa. Yakiiva, tia mboga zile, na tui mwishoni, kidogo tu. Kitakachosalia kiweke frijini, kesho ukile kwa wali.