Dondoo muhimu: Mkanda wa kamera wa mkononi

Anza na uzito. Kamera ndogo yenye lenzi fupi hutulia vizuri kwenye kifundo cha mkono. Lakini ukifunga lenzi ya milimita 70-200 (zile kubwa hukaribia kilo moja na nusu), rudi kwenye mkanda wa begani. Kifundo hakiwezi kubeba mzigo huo harusi nzima.

Kwa anayepiga picha ufukweni au ndani ya ngalawa, mimi nachagua nailoni bila kusita. Hukauka haraka, ilhali ngozi iliyonyonya maji ya chumvi hukakamaa na kupasuka. Hakikisha pia mkanda una kibano cha kusogeza hadi kifundoni, maana bila hicho mkono huchomoka kirahisi.

Funga upande wa kulia, ule wa kitufe cha kupigia picha. Pitisha kijikamba cha mkanda kwenye tundu la kamera hadi kitanzi kitokeze upande wa pili, ingiza mkanda wote ndani ya kitanzi hicho, kisha vuta hadi fundo libane. Mkanda wenye pete ya chuma uwekee kipande cha ngozi chini yake, la sivyo utachubua rangi ya kamera. Ule wa skrubu, unaofungwa kwenye tundu la stendi, ukague kila unapotoka. Skrubu hulegea kidogo kidogo.

Jaribu kwanza juu ya godoro: vuta kwa nguvu, mara kadhaa. Kijikamba kikianza kutoa nyuzi, kibadilishe siku hiyohiyo.