Upepo wa Kusi na Methani juu ya Tibet

Kila mtu wa pwani aujua upepo wa kusi. Zamani majahazi yaliutumia kwenda Arabuni na Bara Hindi. Lakini ni wachache wajiulizao upepo huo huenda wapi ukisha kutuacha. Huvuka ikweta, hujipinda kuelekea kulia karibu na Somalia, ukaingia Bara Hindi umejaa mvuke wa bahari, nao ndio uletao mvua kubwa za huko tangu Juni hata Septemba. Mbele yake imesimama milima ya Himalaya, na nyuma ya milima hiyo upo uwanda wa Tibet, ambao kimo chake kwa wastani chapita mita 4,000.

Juu ya uwanda huo pana fumbo, nalo lahusu gesi ya methani. Katika kila molekuli milioni moja za hewa, karibu mbili tu ndizo methani. Ni kidogo, lakini miaka 300 iliyopita haikufika hata moja, na kwa muda wa miaka 100 kilo moja ya methani huipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kilo moja ya dioksidi ya kaboni.

Adui wa methani ni jua. Mwanga wake, pamoja na ozoni na mvuke wa maji, hufanya chembe ziitwazo haidroksili, nazo huivunja methani. Basi kaskazini ya dunia, ambako majira ya joto ni Juni hadi Agosti, methani yapasa kupungua miezi hiyo. Ndivyo vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vionyeshavyo. Lakini juu ya mlima Waliguan (mita 3,816), ambako Uchina ilifungua kituo cha kupimia hewa mwaka 1994, methani huongezeka wakati huo huo! Na chombo AIRS, kilichorushwa na setilaiti Aqua mwaka 2002, kimeona vivyo hivyo juu sana angani mwa Tibet tangu Julai hata Septemba.

Tuanze chini. Mvua inyeshapo, wakulima wa bonde la Ganges na Bangladesh hupanda mpunga. Tope lililofunikwa na maji halina oksijeni, na vijidudu vya humo hutoa methani, ambayo hupanda ndani ya bua la mpunga kama moshi katika dohani. Hapo ongeza ng'ombe wa nchi hizo, ambao kila wapigapo mbweu hutoa methani.

Mwanafunzi atasema, "Methani ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hupanda yenyewe." Ni nyepesi, kweli, lakini jibu hilo si sahihi. Nje penye upepo gesi huchanganyika upesi sana, na methani huenda iendako hewa. Majira hayo hewa huenda juu: jua huupasha moto uwanda, na mawingu ya radi huinyanyua hewa ya mabondeni kilomita 12 na zaidi. Huko juu pana mzunguko wa upepo wenye upana wa maelfu ya kilomita, nao huizuia methani isitawanyike, kama maji ya mto yazungushavyo majani makavu penye kona. Tena huko pana baridi kali, na katika baridi haidroksili huivunja methani polepole.

Si yote itokayo mbali, maana Tibet yenyewe ina mabwawa ya matope na mifugo iitwayo yaki. Lakini atakayewalaumu wachungaji wa yaki peke yao atawaonea. Mkulima wa mpunga naye, akilikausha shamba siku chache katikati ya msimu, hupunguza methani. Lakini atalikaushaje, na mvua yanyesha kila siku?

Ifikapo Oktoba mvua zimerudi nyuma, mzunguko ule huvunjika, na methani juu ya Tibet hupungua. Sehemu kubwa haikuvunjwa, imetawanyika tu. Methani hukaa hewani miaka tisa hivi, na kwa muda huo pepo huifikisha kila pembe ya dunia, hata kwetu.