Kijito Hiki Kizima? Vidokezo vya Kukagua Mikoko ya Mombasa Bara

Mombasa bara haijajaliwa mito itiririkayo mwaka mzima. Hata Kombeni na Tsalu, inayomwaga maji kwenye hori ya Tudor, ni mito ya msimu. Vijito vyetu vyenye msitu ni vile vya mikokoni, nyuma ya nyumba za Mikindani, Junda, Mishomoroni na Mtongwe. Kuvikagua hakuhitaji maabara, ila dalili nyingine hudanganya.

1. Angalia mwezi kwanza. Nenda wakati wa bamvu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa huzidi mita 3, na kupwa kwa mchana huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Ingia maji yangali yanatoka. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba, maana champali zitabaki matopeni. Na usiende peke yako. Mwombe mvuvi wa hapo akutangulie.

2. Harufu ya yai viza si kosa la mtu. Chini ya tope hewa haifiki, na bakteria waishio humo hutoa gesi hiyo hata pale ambapo hapajawahi kufika majitaka. Cha kutilia shaka ni harufu ya choo, sabuni au mafuta ya gari. Ukiinusa, fuata mfereji kwenda juu mpaka uone bomba linapotokea.

3. Tafuta tondo, usihadaike na kaa. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaona tope limejaa vikaa vyenye gando moja kubwa, tunasema pana uhai tele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha mikoko ya kandokando ya miji ya Kenya na Msumbiji na ile isiyofikiwa na majitaka, ulikuta kinyume: penye majitaka kaa walikuwa wengi zaidi kwa uzito, lakini tondo walikuwa wamepungua mno. Kaa wale huchuja tope kutafuta vijimea na bakteria, na majitaka huvinenepesha hivyo vyote. Kwa kaa, hiyo ni karamu.

Tondo ni yule konokono mrefu, mweusi, mwenye gamba gumu lililochongoka. Chukua jani la mkoko lililopiga manjano, liweke juu ya tope penye kivuli, ukae kando utulie. Wakiwapo tondo wakubwa, watajikokota mmoja mmoja, walizunguke, waanze kulitafuna kingoni. Jani likikaa bure na vikaa vinapita huku na huku, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

4. Inama utazame mizizi. Mchu na mlilana huchomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope. Pitisha kidole: ukitoka na utando mweusi unaoteleza na kunuka mafuta, mti unazibwa pumzi. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika bandarini Mombasa, na mikoko ya hori ya Port Reitz iliyapata makali yake.

5. Pima mchanga, si maji tu. Mizizi ile ya kupumulia ikibaki ncha tu, au haionekani kabisa, basi udongo umeshuka kutoka mashambani ukaifukia. Huko kwenye hori ya Mwache, mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalileta tope jingi hata mikoko ikakauka imesimama. Hakuna aliyeikata wala kuitilia sumu. Kwa hiyo ukikuta miti mikavu kijitoni, usikimbilie kumtafuta mwenye panga.

6. Mwenye panga naye yupo, lakini. Hesabu visiki katika hatua kumi kwa kumi, kisha tazama kilichobaki. Ikiwa iliyosimama yote ni fito na pau, na mmoja mnene uliosalia umepinda, wakataji wameshachagua boriti zao zamani. Halafu tafuta watoto: vijiti vya kijani vya mkoko huchipua vikiwa bado mtini, hudondoka, vikajichomeka matopeni. Wakiwapo wa kila kimo, msitu unajirudishia wenyewe. Wakiwapo wa majani mawili tu, rudi mwakani uone kama wamepona.

7. Takataka zihesabu mwisho. Plastiki hukera macho na ndizo hupigwa picha, lakini huenda zimeletwa na maji kutoka kwingine. Hazikuelezi sana kuhusu kijito hiki.

8. Andika tarehe, saa, hali ya maji na mvua ilinyesha lini. Rudi mahali palepale wakati wa bamvu kama ile, mara moja kabla ya masika na mara moja baadaye. Ukikuta bomba au mafuta, piga picha inayoonyesha na mti wa jirani, uipeleke kwa chama cha wavuvi wa pwani hiyo na kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Tondo waache palepale.