Ng'ombe Mwenye Ndama: Onyo kwa Vikundi vya Akina Mama Watembeao Mashambani

Kila mwaka, kuanzia Aprili hivi, wafugaji wa Uingereza huwatoa ng'ombe mabandani walikokaa msimu wa baridi na kuwarudisha malishoni. Ndizo wiki ambazo vikundi vya akina mama, vikiwemo vya Waswahili wanaoishi huku, huanza matembezi ya majira ya machipuko. Tunayaunga mkono matembezi hayo bila kusita, kwa kuwa mwili unapata nguvu, mpweke anapata wa kuzungumza naye, na nchi ya ugeni inaanza kuzoeleka. Maagizo ya kutotupa taka na kuliacha lango kama ulivyolikuta hukumbukwa kwa urahisi. Linalosahaulika ni hili moja: usimkaribie ng'ombe mwenye ndama, hasa ukiwa na mbwa. Tunajivunia kuliandika kwa Kiswahili, na tutalirudia humu hadi liingie.

Watu wengi wakiingia shamba lenye ng'ombe humtafuta fahali kwanza. Hata sheria ilimtazama yeye. Tangu 1981 ni marufuku kwa mfugaji wa England na Wales kumwacha fahali wa mbegu za maziwa, kama Jersey au Friesian, aliyezidi miezi 10, katika shamba linalopitiwa na njia ya umma. Fahali wa mbegu nyingine huruhusiwa akiwa pamoja na majike. Jike mwenye ndama hakutajwa, na hatari iko kwake. Mamlaka inayosimamia usalama kazini imeyachunguza matukio ya wapita njia waliouawa na ng'ombe: karibu yote yalihusu ng'ombe wenye ndama, na mara nyingi marehemu alikuwa na mbwa. Mwaka 2009 David Blunkett, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alivunjika ubavu katika Peak District baada ya ng'ombe kumvamia akiwa na mbwa wake wa kumwongoza, mnyama aliyefunzwa utulivu kuliko mbwa wengi. Ng'ombe hapimi malezi ya mbwa. Anachoona ni adui wa ndama wake.

Tunajua jibu la wengi: sisi tumezaliwa na kukulia kwenye mifugo, nani atufundishe ng'ombe? Ujuzi huo ni wa kweli, lakini ulipatikana katika mazingira mengine. Ng'ombe wa nyumbani ama yuko zizini akikatiwa majani, ama yuko na mchungaji anayemjua na ambaye ng'ombe naye anamjua, fimbo mkononi. Wa hapa anaachwa na wenzake bila mchungaji, na njia ya umma inapita katikati yao. Wewe kwake ni mgeni. Wingi wenu nao haumtulizi. Kikundi hutembea wawili wawili, mazungumzo yamekolea, mstari unarefuka. Ndama mchanga amelala kwenye majani marefu haonekani, na kabla hamjajua, nusu yenu wamepita upande huu wake na nusu upande ule. Hapo mama yake amekwisha kutengwa naye. Kwa hiyo kusanyikeni langoni kabla ya kuingia, angalieni walipo ng'ombe na ndama, punguzeni sauti, washikeni watoto mikono, piteni pamoja mkiwa mmewaacha mbali. Msikimbie. Msipige picha na ndama.

Wengine husema njia ni haki yetu, basi mfugaji awaondoe ng'ombe wake. Kweli, mfugaji ana wajibu wa kisheria kwa usalama wa wapita njia, na hatumtetei anayeupuuza. Lakini haki haimzuii ng'ombe aliyekwisha kuanza kukimbia. Wakiwa wamesimama juu ya njia, zungukeni, mwirudie mbele mahali palipo salama. Kanuni ya Mashambani (Countryside Code), mwongozo rasmi kwa wanaotembelea mashamba, iliyofanyiwa marekebisho 2021, haidai mpite katikati yao. Habari za nani anaruhusiwa wapi si za kurasa hizi: njia za miguu ziko kwenye ramani za Ordnance Survey, na Scotland ina sheria yake ya 2003.

Limebaki suala la mbwa, ambalo ndilo gumu. Mfunge kamba fupi karibu na mifugo yoyote, na katika maeneo ya wazi yaliyofunguliwa kwa umma kamba isizidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31. Lakini ng'ombe wakikufukuza, achia kamba. Tunarudia: achia kamba. Wenye mbwa hutuona wakatili tunaposema hivyo, na huruma yao tunaielewa. Hata hivyo mbwa ana mbio za kumwokoa, na ng'ombe huwa wanamfuata yeye. Wewe huna mbio hizo, na ukimbeba kifuani umekileta kinachofukuzwa mwilini mwako. Mwachie, nenda langoni bila kuwapa ng'ombe mgongo, mwite ukishafika nje. Mtu akijeruhiwa pigeni 999. Ikiwa ng'ombe wametisha tu bila kuumiza, mjulisheni mwenye shamba na halmashauri inayosimamia njia za eneo hilo siku hiyo hiyo, mkitaja shamba na lango, kwa sababu kuna kikundi kingine kitakachopita hapo.