Je, Wasikilizaji Watalipia Podikasti?

Swali: Podikasti yangu ina wasikilizaji waaminifu. Nikianza kuwatoza, watalipa?

Jibu: Wachache watalipa, ndugu yangu, na hao ndio wa kuwalenga. Luminary, huduma ya podikasti za kulipia, ilianza Marekani mwaka 2019 kwa dola 7.99 kwa mwezi, ikiwa na watangazaji maarufu na mtaji wa karibu dola milioni 100. Mwaka uliofuata ikashusha bei hadi dola 4.99. Vipindi vya bure vilikuwa tele! Kwenye Patreon, jukwaa la kuwachangia wabunifu, hali ni tofauti: mtu humlipa mtangazaji aliyemzoea, apate vipindi vya ziada. Basi kipindi kikuu kiache bure. Ukiuza vipindi vya ziada kupitia Apple Podcasts, Apple itakata asilimia 30 katika mwaka wa kwanza wa kila mteja. Kama wasikilizaji wako wako Kenya au Tanzania, ruhusu malipo ya simu. Wengi hawana kadi za benki.